Mangi Aliyetuonjea Futari

Siku habari ilipofika tulikuwa watu sita uani, na ninawataja wote, maana mtu asipotajwa anaona kama hakuwepo. Alikuwepo Mwalimu Hadija, mwalimu mstaafu wa mapishi, ambaye ndiye mkuu wa jiko letu la mtaa hapa Kariakoo. Alikuwepo Shabani wa Buguruni, kijana wa kwanza kufundishwa katika jiko hilo, na sasa yeye ndiye anayewafundisha wenzake. Alikuwepo Bi Sharifa, wifi yake Mwalimu, ambaye kazi yake ni kukuna nazi na kusema anachofikiri. Alikuwepo Mzee Jongo, msukuma mkokoteni, ambaye hana undugu na mtu yeyote pale, lakini amekula kwetu tangu siku jiko lilipowashwa, kwa hiyo tunamhesabu. Alikuwepo Somoe, mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa pili, niliyempa jina langu mwenyewe. Na mimi nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, nachambua mchele. Simu ya Mwalimu ikalia, akasikiliza, akasema "ndiyo" mara mbili, halafu akatugeukia: "Mangi ametutoka alfajiri ya leo." Mzee Jongo akavua kofia. Bi Sharifa akaacha kukuna. Somoe akainama akapunguza moto chini ya sufuria, ndipo akakaa chini akafunika uso kwa khanga. Nami, wasomaji wangu, kabla huzuni haijanifika, kuna kitu kingine kilitangulia kifuani, nacho kilikuwa nafuu. Najua ni neno baya kulisema msibani, kwa hiyo nipeni nafasi nieleze.

Jina lake kamili ninalo, la ubatizo na la ukoo, na la babu yake pia, lakini mkewe, Mama Aikande, ameniomba nisiliweke gazetini. Sisi tulimwita Mangi tu, kama tunavyowaita wenye maduka wengi waliotoka kwao Kilimanjaro. Duka lake la jumla, la mchele, sukari, chumvi na mafuta, linatazamana na mlango wa uani kwetu. Mimi ni mtu wa kusini, nilikuja mjini na mume wangu tukiwa na mkeka mmoja, na utani wetu na Mangi ulikuwa wa kila siku. Mwezi wa kumi na mbili ukikaribia, akianza kufunga mizigo ya kwenda kwao kama wenzake wote, nilikuwa nasimama mlangoni namwambia, "Nendeni, nendeni, angalau mtuachie mji tupumue." Naye anajibu, "Bibi, tukiondoka sisi nani atawauzia chumvi? Mtalamba mawe." Akirudi Januari analeta mkungu wa ndizi, anautua mbele yangu anasema, "Haya, pumua na hizi."

Jiko lenyewe wengi wenu mnalijua, ila kwa wageni niseme kidogo. Mwalimu Hadija alipostaafu aliona vijana wa mtaa wamejaa vijiweni, wapo waliomaliza kidato cha nne, wapo walioishia njiani kama mimi, na mmoja ana shahada ya chuo kikuu anauza soksi. Akafungua ua wa nyumba ya marehemu baba yake, akaomba sokoni zile nyanya, kabichi na viazi ambavyo ikifika jioni bado ni vizima lakini kesho havitauzika. Akaanza kuwafundisha vijana kupika chakula cha watu wengi: namna ya kununua, kuosha, kupakua, kupimwa afya, kumjibu mteja mwenye hasira. Mchana wanakula wapagazi na wasukuma mikokoteni, na vyakula vingine vinapakiwa kwenye bajaji kupelekwa Upanga kwa wanaouguza ndugu zao pale hospitali kubwa. Kijana anajifunza miezi sita, akiiva anaajiriwa palepale au anatafutiwa jiko lingine. Sio mambo makubwa ya kutangazwa, lakini nimeona mtoto aliyekuwa akiamka saa tano akianza kuamka saa kumi na moja bila kuitwa.

Sasa Ramadhani ya kwanza ilipoingia likatokea jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Vijana karibu wote wa pale ni Waislamu na wanafunga, na wanapika futari ya mtaa mzima: mihogo ya nazi, maharage, tambi, uji wa pilipili manga. Nani ataonja chumvi? Masheikh wanaruhusu mpishi kuonja kwa ncha ya ulimi akatema, mimi nalijua hilo tangu utotoni, lakini vijana wanaogopa, kila mmoja anaona swaumu yake itaondoka na hilo tone. Shabani akavuka barabara, akasimama mbele ya duka. "Shikamoo Mangi. Samahani, si wewe hufungi?" "Marahaba. Sifungi, ndiyo. Kwani unanisema kwa nani?" "Tunaomba uje utuonjee mboga." Mangi akacheka mpaka akashika kaunta. Lakini alikuja, na alikuja na kijiko chake mwenyewe, akiwa amenawa mikono. Akatembea kutoka sufuria hii hadi ile, akisukutua maji ya moto kila akimaliza moja, na akatoa hukumu kwa maneno yake mwenyewe. Sufuria iliyopungua chumvi alisema imelala. Iliyozidi, inapiga kelele. Iliyo sawa alisema imekaa kitako. Kuanzia hapo kila Ramadhani, saa tisa alasiri, alivuka barabara, na vijana walikuwa wakisimama kando ya sufuria zao wakimngoja kama wanafunzi wanaosubiri daftari lirudi.

Alikuwa na ulimi kweli. Alijua kama nazi imekunwa jana, alijua kama kitunguu kimeungua upande mmoja. Ikafika hata Ramadhani ikiisha wanamwita. Mwalimu akaweka sheria, nayo ikaandikwa kwa makaa ukutani: Mangi akishaonja, hakuna kuongeza kitu. Atakayetia chumvi baada ya Mangi kupitisha anaondoka jikoni. Wote tuliona ni sheria nzuri, maana ilizuia ubishi. Hakuna aliyefikiri kwamba ulimi nao ni kiungo cha mwili kama goti.

Ramadhani ya mwaka juzi, kumi la mwisho, tulipata wageni. Ng'ambo ya kivuko cha Magogoni, upande wa Kigamboni, kuna shule ya kulala iliyokuwa ikitafuta watu wa kuipikia, na ilikuwa inataka vijana wanane kwa mpigo, kazi ya kudumu. Wakasema watakuja kufuturu nasi wajionee. Mwalimu akawapangia vijana sufuria zao, na mihogo ya nazi, ambayo ndiyo ya kwanza kuwekwa mbele ya mgeni, akampa Somoe. Mjukuu wangu alikuwa na wiki mbili tu amalize miezi yake sita. Kabla ya hapo alikuwa akitembeza maji ya chupa barabarani, ndoo kichwani, jua la utosini, na kufukuzana na mgambo. Zile nafasi nane zilikuwa ndiyo njia yake ya kutoka barabarani, hata majina ya wenzake saba alikuwa ameshaniambia, kama vile wameshachaguliwa.

Saa tisa Mangi akavuka na kijiko chake. Akaonja mihogo. "Imelala." Somoe akasema, "Nimeshatia, Mangi." "Ongeza, mwanangu." Akaongeza. Akaonja tena. "Bado imelala." "Mangi, nimetia viganja viwili." "Nani anaonja hapa, mimi au wewe? Ongeza." Wenzake walikuwa mbali kidogo, wako kwenye moshi, kila mtu na haraka zake. Akaongeza, akaambiwa aongeze tena, akaongeza mara ya tatu. Mangi akaonja, akafikiri, akasema, "Haya, imekaa kitako," lakini Somoe aliniambia baadaye kwamba aliisema kama mtu anayebahatisha. Adhana ikasikika, wageni wakala tende, wakavuta sahani za mihogo. Mgeni wa kwanza akaweka kijiko chini, akanywa maji. Wa pili akatazama sahani yake kama inataka kumng'ata. Mzee Jongo, ambaye hajawahi kuacha chakula tangu nimjue, akasema taratibu, "Leo tumepikiwa bahari." Mwalimu akageuka kwa Mangi, uso umemwiva. "Mangi, hii umeipitisha wewe?" Na Mangi, wasomaji wangu, akasema, "Nilipoonja mimi ilikuwa sawa. Labda ameongeza baadaye."

Msichana wa miaka ishirini atasimama vipi mbele ya wageni aseme mzee huyu ni mwongo? Wageni wakashukuru kwa adabu, wakaondoka na jibu lao. Sheria ilikuwa ukutani, na Mwalimu hakuwa mtu wa kuandika jambo halafu asilifuate. Kesho yake Somoe hakwenda jikoni. Na hapa naingia mimi, na sipati raha kulisema. Nilimkalisha mjukuu wangu kwenye kitanda changu nikamwambia amekuwa na kiherehere, anajiona anajua kuliko watu wazima. Akasema, "Bibi, aliniambia niongeze mara tatu." Nikamjibu, "Yule mzee ana ulimi kuliko mimi na wewe na ukoo wetu wote." Akatoa ndoo yake uvunguni, akaiosha, akarudi barabarani.

Idd Mosi nilipika wali wa nazi na kuku, nikapakua sahani ya Mangi kama kila mwaka, ila safari hii niliipeleka kwa kichwa kilichoinama. Nilimwambia, "Mtusamehe, mtoto ni mtoto." Akaipokea bila kunitazama, nami nikaona ni hasira. Kwetu sahani ya Idd hairudi tupu, na Mangi alikuwa akiirudisha siku hiyohiyo na kitu juu yake. Safari hii haikurudi. Mama Aikande alikuwa amesafiri kwao. Idd Pili, jioni, nikavuka barabara kuidai kwa utani ili angalau tucheke. Nikapita hadi nyuma ya duka, na kabla sijamfikia harufu ikanipokea mlangoni. Mnajua wali wa nazi uliolala joto la Dar es Salaam usiku mmoja na mchana mmoja unavyonuka. Mangi amekaa juu ya gunia, sahani mapajani, anakula.

"Mangi, unakula nini?"

"Si sahani yako, Bibi. Jana nilikula nusu, wateja wakanizidi. Mtamu, ahsante sana."

"Umechacha."

"Nini kimechacha?"

"Wali. Nimeusikia kuanzia mlangoni."

Akainua sahani akainusa. Akainusa tena, kwa nguvu, kama mtu anayepuliza moto uliozimika. Halafu akanitazama, nami nikamtazama. Nikakaa juu ya gunia la pili. Nikamuuliza, "Tangu lini?" Akasema, "Tangu ile homa niliyougua masika. Pua ilianza. Nikasema itarudi. Halafu na ulimi nao ukaifuata." Nikamuuliza, "Na siku ile ya mihogo?" Mteja akaita kutoka mbele, "Mangi, sukari," akamjibu, "Ngoja." Kisha akasema kwa sauti ndogo: "Siku ile nilisikia maji matupu, Bibi. Kila alipoongeza, maji matupu. Nikaogopa nikasema imekaa. Na nilipoulizwa nikaogopa tena."

"Unaogopa nini, mtu mwenye duka lako?"

"Dukani watu wanakuja, nipe hiki, nipe kile, wanaondoka. Pale uani kwenu walikuwa wananingoja."

Nilikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa makali, lakini hilo jibu lilinichukulia nusu yake. Nikabaki na nusu. Nikamwambia, "Mtoto amerudi barabarani na ndoo kichwani kwa ajili ya ulimi wako." "Najua. Juzi amepita hapa mbele. Nikageuzia uso ukutani." "Basi nakwenda kwa Mwalimu sasa hivi." "Nenda, una haki. Ila nikikuomba uniache niseme mwenyewe?" Nikamuuliza lini. Akasema jiko linafunguliwa Jumatatu. Nikamwambia, "Jumatatu nitakuwa nimekaa pale. Usipofungua mdomo wako, nitafungua wangu, na wangu unaujua." Nikachukua sahani yangu nikaenda kuiosha.

Zile siku katikati sikuwa na raha. Kila nikitazama duka nikaona mlango uko wazi, nashukuru. Nikiona umefungwa, nasema huyu ameshapanda basi la Moshi. Kwa Somoe sikusema kitu, maana sikutaka kumpa mtoto tumaini halafu mzee alimeze. Nilimwona asubuhi akifunga kilemba cha kuwekea ndoo, nikataka kusema, nikajiuma. Jumatatu nikawahi kufika kuliko wote.

Mangi akaja saa mbili, amevaa suruali ya kitambaa na shati la kanisani. Kijiko hakikuwepo mfukoni. Akasema, "Shabani, nitengenezee mabakuli matatu. Moja maji, moja maji ya chumvi, moja maji ya sukari. Usiniambie lipi ni lipi." Vijana wakaanza kucheka. "Leo Mangi ametuletea mazingaombwe." Shabani akayaleta. Mangi akanywa la kwanza, akasema, "Maji." Akanywa la pili, "Maji." Akanywa la tatu akamtazama Shabani. "Au umenizungushia lilelile?" Shabani akasema, "Mangi, acha utani." "Sitanii, mwanangu." Bi Sharifa, ambaye hajawahi kuamini kitu mpaka akiguse, akachovya kidole kwenye bakuli la pili, akalamba, akatema palepale. "Mnataka kumuua mzee wa watu. Hii chumvi tupu." Hapo kicheko kikakatika, na Mangi akasema maneno ambayo nayakumbuka yalivyo: "Vijana, mimi sina ulimi. Ulishaondoka muda mrefu. Somoe alinikatalia, nikamlazimisha mara tatu. Nilipoulizwa nilisema uongo, nikamwachia mtoto mzigo wangu. Mwalimu, wa kuondoka jikoni ni mimi."

Mwalimu Hadija akaokota kipande cha makaa, akaenda ukutani, akaifuta ile sheria kwa kuipaka weusi juu yake. "Hii nimeandika mimi," alisema. "Nimewafundisha kuosha, kukata, kupakua, halafu nikawaambia wasiamini midomo yao wenyewe. Nendeni mkamlete." Vijana wawili wakasimama, lakini Mangi akawazuia kwa mkono. "Nakwenda mwenyewe."

Tulimfuata mimi na Shabani, kwa nyuma kidogo. Somoe alikuwa mtaa wa Gerezani, karibu na stendi, pamoja na wenzake wauza maji na karanga. Akamwona Mangi anakuja, na adabu ikamtangulia: "Shikamoo, Mangi." Mangi akasema, "Leo usiniamkie kwanza. Nisikilize." Wale wenzake wakasogea. Mmoja akasema, "Oya Mangi, unanunua au unahubiri?" Akajibu, "Nahubiri kwanza." Akamweleza yote mbele yao, bila kuficha, na Somoe muda wote huo hakuitua ile ndoo. Shingo imenyooka, macho yanatazama juu ya kichwa cha Mangi.

"Nilikwambia nimeshatia."

"Uliniambia."

"Mara tatu."

"Mara tatu, mwanangu. Nisamehe."

Yule kijana wa karanga akasema, "Mwambie asubiri, dada, hata serikali huwa tunaisubiri." Watu wakacheka, na Somoe akacheka kidogo bila kupenda, na ndipo akaitua ndoo chini. "Nitarudi," akasema. "Lakini sufuria yangu naonja mwenyewe. Nikisema imetosha, imetosha, hata ukisema wewe." "Hata nikisema mimi." "Hata akisema Mwalimu." Shabani akakohoa. "Hilo la Mwalimu utamwambia mwenyewe, mimi sipo."

Basi akarudi. Mwalimu akavuka Magogoni mwenyewe, akaenda kuwaambia watu wa shule ukweli ulivyokuwa, kwamba kosa lilikuwa la jiko na si la binti. Wakakubali kuonja mara ya pili, na Somoe akawapikia mihogo ileile. Hawakusema kitu juu ya chumvi, na mpishi yeyote atawaambia hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Vijana wanane wako kule mpaka leo, na yeye ndiye anayewaongoza. Siku za mapumziko anakuja uani kutusaidia, ndiyo maana alikuwepo habari ilipofika. Jikoni kwetu ilipoingia Ramadhani iliyofuata, sheikh wa msikiti wa jirani alikuja akawaeleza vijana namna ya kuonja na kutema bila kuharibu swaumu, na sasa kila mmoja anawajibika na sufuria yake. Na Mangi hakuondoka. Shabani ndiye aliyemfuata dukani, akamwambia, "Mikono yako bado inafanya kazi, si ndiyo?" Ikafanya. Akawa anawafundisha vijana kuujua mchele kwa vidole, ukiuminya kiganjani uone kama umechanganywa wa zamani na mpya, kama umelowa njiani, kama utashika maji au utavurugika. Mkewe aliniambia wiki hii, tukiwa tumekaa kwenye mkeka wa msiba kabla mwili haujasafirishwa kwenda kwao, kwamba tangu ile Jumatatu mumewe aliacha tabia ya kununa mezani. Alikuwa akila chakula asichokisikia na bado anapiga hadithi.

Ndiyo hiyo nafuu niliyowaambia. Fikirini kama homa ile ingemchukua mapema, kabla sijaidai sahani yangu. Tungemlilia kama tulivyomlilia, tungesema alikuwa na ulimi wa ajabu, na mjukuu wangu angesimama nje ya uzio na ndoo yake, anajulikana mtaa mzima kama msichana aliyeharibu chakula cha wageni na kuwakosesha wenzake kazi. Nami ningekaa karibu na mjane nikiomba radhi kwa kosa ambalo halikuwa letu. Mtu akifa na jambo kama hilo kifuani, hakuna wa kulifungua. Mangi alilifungua mwenyewe, akiwa hai, kwa mdomo wake, na mbele ya watu walewale aliodanganya mbele yao. Alizikwa mwepesi. Sisi tuliobaki nasi tulimlilia wepesi.

Nimeishi miaka mingi na sijaona watu wazima wengi wakifanya alichofanya. Sisi tumelelewa kwamba mkubwa hamwombi radhi mdogo. Akikosea, anatuma mtu, au ananunua soda, au ananyamaza mpaka jambo lichoke lenyewe. Na vijana tumewafundisha kuwa adabu ni kuongeza chumvi unapoambiwa uongeze, hata kama mkono wako unakwambia imetosha. Halafu tunashangaa kwamba hawajiamini, hawana maamuzi, wanasubiri kuambiwa. Siku hizi kila mahali nasikia vijana wafundishwe kazi, wapewe mitaji, wapewe vyeti. Vizuri. Lakini kazi haijamwingia mtoto mpaka siku atakapoweza kumwambia mzee, kwa heshima zote, hapana, imetosha, na yule mzee akubali kuonja upya. Hilo Mwalimu Hadija hakuliandika kwenye masomo yake ya miezi sita. Lilimgharimu mzee mmoja aibu yake yote, naye aliitoa. Nawaomba wenye umri wangu wasisubiri mtu aje kuwafumania na sahani mapajani.

Mimi huwa sisahau jina wala uso, watoto wangu wananiogopa kwa hilo, lakini maneno yanaweza kunihama. Kwa hiyo mliokuwepo mnisahihishe. Shabani anasema bakuli lenye chumvi lilikuwa la kwanza, si la pili. Mzee Jongo anadai hakusema bahari, alisema ziwa la magadi, na sitabishana naye, maneno ni yake. Kama yule kijana wa karanga anasoma hapa, aje aniambie jina lake, maana ni jina lake peke yake ambalo sina. Na kuna jambo moja nalitafuta kichwani tangu nianze kuandika na silipati. Nakumbuka neno kwa neno nilivyomgombeza mjukuu wangu pale kitandani. Nakumbuka Mangi alivyomwomba radhi Gerezani, na Mwalimu alivyoifuta sheria yake. Sikumbuki kama mimi nami nilimwomba. Nadhani nilimwomba, siku ileile, tukirudi. Kama nimekosea, Somoe, wewe unalisoma gazeti hili kuliko wote: nisahihishe, na unisamehe.